Kware Aliyebaki Peke Yake: Atafutiwe Wenzake au Makao Mapya?

Wakulima wa Lugari, Likuyani, Mautuma na penginepo palipogawanywa mashamba makubwa ya zamani, somo letu la mwezi huu ni la ndege mdogo. Mwenye ng'ombe wa maziwa na ekari kadha za mahindi aweza kucheka na kuuliza, "Kware mmoja ni mali gani hata aandikwe gazetini?" Asicheke upesi. Swali hili lililetwa na mkulima mwenzake, na ndani yake yamo mambo ya magonjwa, ya sheria na ya fedha ambayo yamewahi kuwatia watu wengi hasara katika nchi yetu.

Ilikuwa hivi. Siku moja ya mwezi wa Mei tulikuwa Bukura, ambako wakulima wa Magharibi wamekuwa wakienda kujifunza ukulima tangu chuo kilipoanzishwa mwaka 1922. Somo la asubuhi lilikuwa la kuku wa mayai. Watu walipotoka kwenda kunywa chai, mzee mmoja wa Lugari alibaki nyuma. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, na kando yake alisimama mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi.

"Mulembe, Bwana Shamba."

"Mulembe, mzee. Umetuletea nini?"

"Nimekuletea mgonjwa asiye na ugonjwa."

Akafunua kitambaa. Ndani alikuwamo kware dume, mnene wa kutosha, macho safi, lakini manyoya ya kifua yamelika.

Mzee akaeleza. Walikuwa na kware kumi na wawili. Usiku mmoja wa mvua za Aprili siafu waliingia katika kizimba, na kulipokucha kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Huyu alipona kwa sababu alikuwa akipigana na dume mwenzake, na msichana alikuwa amemtenga katika kikapu kilichoning'inizwa kwenye boriti. Tangu usiku ule hakunyamaza. Huwika kabla ya alfajiri, huwika jioni, na mbalamwezi ikitoka huwika hata usiku wa manane.

"Kukhu wake halali," mzee akasema. "Na jirani ameniambia, mchinje, ni tonge moja tu. Nilitaka kumsikiliza jirani. Lakini mtoto huyu alinitazama, nikarudisha kisu."

"Kuka, mwambie vile anavyotembea," msichana akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Hutembea kando ya waya kutwa, aende arudi, aende arudi. Chakula anamwaga tu. Sasa niambie, Bwana Shamba, je, ndege naye huona upweke kama mtu? Au ni mimi nimezeeka na kuanza kudanganywa na watoto?"

Wakulima wawili waliokuwa wakipita walicheka. Sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa zuri.

MLIO WAKE NI WITO

Kware si ndege wa kukaa peke yake. Yeye huishi chini, katika majani, na kila mnyama mwenye meno humtamani: nguchiro, paka, mbwa, mwewe, nyoka. Mwili wake una gramu mia na hamsini au mia mbili tu, wala hana silaha. Salama yake ni macho ya wenzake. Mmoja akila mwingine hutazama, na usiku hulala wamegusana. Ukimtenga amekuwa kama mlinzi asiye na zamu ya kupumzika. Ndiyo maana hutembea kando ya waya. Anatafuta mlango wa kutokea.

Dume naye ana jambo la zaidi. Wataalamu waliochunguza kware wa Kijapani wameona ya kwamba dume aliyetengwa na jike huwika mara nyingi kuliko yule aliye na jike, na akirudishiwa jike kuwika kwake hupungua sana. Basi hawiki kwa furaha, wala hawiki ili kutangaza alfajiri. Anaita.

Tulipomweleza mzee hivyo alinyamaza kidogo, kisha akapiga paja lake.

"Kumbe ninyi mnasoma vitabuni yale tuliyokuwa tukifanya! Sisi tulipokuwa vijana tulimtundika isindu katika kikapu kidogo juu ya mti mrefu, tukatega vitanzi chini katika nyasi. Alfajiri yule wa juu anaita, na wale wanaopita angani wanasikia, wanateremka. Asubuhi tunaokota. Yule wa juu hakuwa na mwenzake, ndiyo sababu alilia. Tulijua."

Maneno yake ni kweli. Watu wa Magharibi na wa Nyanza, Waluhya wanaomwita ndege huyu isindu na Wajaluo wanaomwita aluru, wamemtega kwa namna hiyo tangu zamani, wakati wa mvua ambapo kware wa porini hufika kwa wingi. Vikapu vile hutundikwa kimoja juu ya kingine kwenye mti mmoja mrefu. Na huko mbali, katika nchi ya Japani, watu walifuga kware kwa karne nyingi kwa ajili ya sauti yake tu, kabla ya kumfuga kwa mayai na nyama. Wale waliochaguliwa kwa ajili ya sauti walipotea karibu wote katika Vita Kuu ya Pili, na hawa wa mayai ndio walioenea duniani.

Kwa hiyo, mkulima, ukisikia kware wako mmoja anaita usiku, usimtupie kiatu. Mtazame kwanza ni kware gani, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

WAKO NI YUPI?

Hapa watu wengi hukosea, na lugha yenyewe inatuchanganya. Katika vitabu vingine vya Kiswahili, kware ni yule ndege mkubwa wa porini anayefanana na kuku mdogo, na huyu wetu mdogo huitwa tomboro. Katika Kenya tumezoea kumwita huyu mdogo kware, nasi tutafuata desturi hiyo.

Wako kware wa namna mbili ambao waweza kuwakuta katika boma la mkulima. Wa kwanza ni wa porini, aliyetegwa. Dume lake latambulikana upesi: koo na uso vina mistari myeupe na myeusi kama amepakwa rangi, na kifua kina weusi mwingi juu ya rangi ya kutu. Ndege huyu husafiri akifuata mvua na mbegu za majani. Kama aliyebaki peke yake kwako ni wa namna hii, na mabawa yake ni mazima na anaruka vizuri, usimtafutie mwenzake kizimbani. Mwenzake yuko nje. Mpeleke asubuhi mapema mahali penye majani marefu, mbali na mbwa na mbali na watoto wenye manati, umfungulie. Kama ameumia bawa, waambie watu wa Shirika la Wanyama Pori, yaani KWS. Kumweka ndege wa porini bila ruhusa ni kosa, hata ukimpenda namna gani.

Wa pili ni kware wa Kijapani, ndiye anayeuzwa na wafugaji, na ndiye aliyekuwa katika kikapu cha mzee. Huyu amefugwa vizazi vingi mno. Hajui kutafuta chakula, hajui kumwogopa paka, tena ni mzito wa kuruka. Ukimfungulia porini kwa huruma, umemfungulia nguchiro. Lakini hatari si kwake peke yake. Katika nchi za Ulaya kama Hispania na Ufaransa, kware wa Kijapani waliofunguliwa kwa ajili ya wawindaji walizaana na kware wa porini wa huko, na damu ya wale wa porini ikaanza kuchafuka. Sisi hatutaki habari kama hiyo hapa. Kware wa dukani asifunguliwe kamwe.

WENZAKE WA KUMFAA

Neno la kwanza ambalo kila mtu hulisema ni hili: "Si nimweke na kuku tu?" Hapana. Kuku mmoja humshinda kware uzito mara kumi na zaidi, na dono moja la kichwani latosha kumwua. Hata kama hawapigani, kuku anayeonekana mzima aweza kuwa amebeba vijidudu vya matumbo vinavyoua kware, au kideri, na kware naye aweza kumrudishia kuku maradhi hayo hayo. Wako watu watakaokuambia, "Mimi nimewaweka pamoja mwaka mzima." Huenda ni kweli. Wako pia watu waliovuka mto Nzoia ukiwa umefurika na wakafika ng'ambo. Wala njiwa hafai, wala sungura. Mwenzake kware ni kware.

Wengine huweka kioo kidogo kizimbani ili ndege ajione. Kioo chaweza kumtuliza kwa siku chache, au kinyume chake, dume aweza kupigana nacho mpaka atoke damu. Tena kioo hakina joto la kulaliwa usiku. Kitumie ukiwa umekwisha agiza wenzake na wako njiani, kisha ukiondoe.

Sasa ni lazima ujue dume na jike. Kuanzia umri wa majuma matatu hivi, dume wa rangi ya kawaida huwa na kifua cha rangi ya kutu kisicho na madoa. Jike kifua chake ni cheupe-cheupe chenye madoa meusi. Kama ndege ni mweupe mwili mzima, rangi haitakusaidia. Mgeuze umtazame nyuma. Dume aliyekomaa ana kivimbe chekundu juu kidogo ya tundu la kinyesi, na ukikibonyeza polepole hutoa povu jeupe. Jike hana.

Ikiwa aliyebaki ni dume, usimletee dume mwingine. Watapigana mpaka mmoja apofuke. Na hapa sikiliza vizuri: usimletee jike mmoja pia. Dume aliyekaa peke yake kwa muda mrefu ana haraka kubwa, naye atamkamata yule jike kichwani kwa mdomo, saa kwa saa, mpaka ngozi ya kichwa ibaki wazi. Mletee majike watatu, au wanne, au watano, ili usumbufu wake ugawanyike. Ikiwa aliyebaki ni jike, kazi ni rahisi zaidi. Majike wawili wa umri unaokaribiana naye wamtosha, hata bila dume. Atataga vilevile, yai la kula halihitaji dume.

WAGENI WASIINGIZWE SIKU HIYO HIYO

Mkulima aliyenunua ng'ombe mnadani haendi naye moja kwa moja zizini kwa wengine. Na iwe hivyo kwa ndege. Wageni wakae peke yao siku 21, mbali na huyu wako na mbali na kuku, wakilishwa na vyombo vyao wenyewe. Umhudumie wa nyumbani kwanza, wageni baadaye, kisha unawe mikono. Ukiona kinyesi cha maji au chenye damu, macho yenye machozi, shingo iliyopinda, au mmoja amejikunja pembeni na manyoya yamesimama, mwite Bwana Mifugo kabla hujamchanganya na mtu. Msidhani tunazidisha. Mwezi wa Januari 2017 homa kali ya ndege iliingia Uganda, jirani yetu wa karibu, na Kenya ikafunga mpaka kwa kuku na mayai kutoka huko.

Siku hizo 21 si za kukaa bure. Tengeneza kizimba. Kwa ndege wanne au watano, urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 60 unafaa. Paa ndilo lenye siri. Kware akishtuka haruki kwenda mbele kama kuku. Hupaa wima kama jiwe lililotupwa juu, na akikuta bati au mbao huvunja kichwa au shingo. Basi paa liwe la chini, sentimita 25 au 30 tu, na kwa ndani lifungwe gunia lililolegea kidogo ili limpokee. Pembeni tumia wavu wa matundu madogo, kama ule wa kuanikia kahawa, maana katika waya wa kuku wa matundu makubwa panya na kicheche huingiza mkono. Sakafuni weka maranda ya mbao au nyasi kavu, na kwenye kona moja sinia la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo. Kware wakioga vumbi pamoja, huo ndio urafiki wao.

Wakiisha siku zao, wasogeze wageni karibu na mwenyeji, wavu ukiwa katikati, kwa siku tano hivi. Waonane, wasikilizane, wale chakula wakitazamana. Kisha jioni, giza likianza kuingia, waweke wote pamoja katika kizimba kilichosafishwa na kupangwa upya, ili asiwepo wa kusema hapa ni kwangu. Weka matawi mabichi machache pembeni, aliyefukuzwa apate kujificha. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, wala si kimoja. Asubuhi ya pili usiende shamba kabla hujakaa saa nzima ukiwatazama. Kufukuzana kidogo si neno. Lakini damu ikionekana, hata tone, mtoe aliyeumia mara moja, kwa kuwa kware wakiona damu wote hudonoa palepale.

Kuhusu chakula hatutasema mengi. Chakula cha kuku wa mayai kinachouzwa agroveti ni chepesi kidogo kwa kware, ambaye ahitaji protini kama asilimia 20 akitaga, na vifaranga wake asilimia 24 au zaidi. Ongeza omena iliyosagwa laini, na mchwa wakitoka baada ya mvua wape wafurahi. Kware mmoja mzima hula gramu 25 kwa siku au chini yake, basi wanne hawatamaliza zaidi ya kilo tatu kwa mwezi. Vifaranga wawekewe vijiwe ndani ya chombo cha maji, maana huzama hata katika kifuniko cha chupa.

KAMA HUTAKI KUENDELEA

Kabla hujanunua majike wale, jiulize jambo ambalo wauzaji hawatakuuliza. Kware huishi miaka miwili au mitatu, wachache hufika minne, na utagaji hupungua sana baada ya mwaka wa kwanza. Ukimletea aliyebaki wenzake watatu wachanga, yeye atakufa, kisha wao mmoja mmoja, na siku moja utakuwa tena na kware mmoja anayetembea kando ya waya. Mfugaji wa kware ama hupanga kuongeza wachanga kila mwaka, ama hupanga namna ya kumaliza. Asiyepanga hupangiwa na siafu.

Kama umechoka na ufugaji huu, si aibu. Mtafutie ndege makao mapya. Makao mazuri kuliko yote ni kwa mfugaji aliye na kware tayari na ana nafasi. Jike hupokewa upesi. Dume ni vigumu, kwa sababu kila mfugaji ana madume kuliko anavyohitaji. Lakini ukimpata aliyepoteza dume lake, wote wawili mmesaidiana. Mwulize Bwana Mifugo wa wadi, au uliza Bukura wakati wa mafunzo, maana watu wa kila upande hukutana pale. Na useme waziwazi kama ndege aliwa au haliwi. Ukimpa mtu ndege bila kusema neno, usimlaumu akimweka chunguni.

Wengine hufikiria shule, katika vyama vya 4-K, vilivyoanza mwaka 1962 na kuhuishwa tena mwaka 2021. Ni wazo jema, watoto hujifunza mengi kwa ndege mdogo. Lakini uliza swali moja kwa mwalimu: shule ikifungwa mwezi wa Aprili, wa Agosti na wa Desemba, nani atampa maji? Kama mwalimu anasita, peleka kware wako kwingine.

Safarini mtie katika boksi dogo la karatasi lenye matundu, au kikapu kilichofunikwa, na nyasi chini. Giza humtuliza. Mfuko wa plastiki tumekatazwa tangu Agosti 2017, na hata usingekatazwa ungemwua kwa joto. Safiri asubuhi na mapema, boksi likae magotini pako, si juu ya matatu wala nyuma pamoja na magunia. Kipande cha tango humpa maji bila kumwagika.

Usitegemee kumwuza kwa bei kubwa. Wengi wetu twakumbuka mwaka 2013, watu walipoambiwa ya kwamba mayai ya kware yanaponya kisukari, shinikizo la damu na hata ukimwi. Yai moja likauzwa mpaka shilingi mia. Wakulima waliuza ng'ombe wakanunua mashine za kuangulia, wakapanga foleni kutafuta vibali vya KWS. Mapema mwaka 2014 kila kijiji kilikuwa na mayai ya kware na hapakuwa na mnunuzi. Bei ikaanguka mpaka shilingi kumi na chini yake. Yai la kware ni chakula kizuri kama yai lolote. Dawa ya maradhi yale si yake, na mgonjwa asiache vidonge vya hospitali. Ndege wengi waliachwa wafe au wakafunguliwa porini, nasi tumeeleza kwa nini hilo halifai. Tangu wakati huo Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2013 imeanza kazi, basi hata kama unataka majike watatu tu, pita kwanza ofisi ya KWS iliyo karibu uulize habari ya kibali.

Na kumla? Twajua wako wasomaji wanaongoja tuseme. Kware ni nyama, na mkulima aliyefuga kwa nyama hana haja ya kuomba radhi kwetu. Kama ni mzee, hawiki tena vizuri, wala hapana mtu wa kumpokea, kuchinjwa kwa kisu kikali ni afadhali kuliko mwaka mzima wa kutembea kando ya waya. Lakini kama mtoto wa nyumba alimpa jina, asirudi kutoka shule akakute manyoya. Mwambieni kwanza. Mtoto aliyefichwa jambo kama hilo hatakubali tena kupewa ndama wa kutunza.

Msichana wa Lugari alikuwa amempa wake jina, ingawa hakutaka kututajia mbele ya babu yake. Siku ile ile pale Bukura tulimtafuta mama mmoja mfugaji. Alikuwa na majike tisa na dume moja, naye akasema mara moja, "Dume la pili sitaki, mzee wangu, nitawagombanisha bure. Lakini majike watatu naweza kukuuzia, ukimaliza mambo ya kibali na kizimba." Mzee akahesabu vidole, akamtazama mjukuu, akasema atarudi. Alirudi mwezi wa Juni na boksi lenye matundu. Kwa siku 21 majike walikaa jikoni kwa Kukhu, na dume akakaa upande wa pili wa boma akiita, nao wakimjibu kwa sauti zao ndogo.

Tulipopita Lugari mwezi wa Agosti wote wanne walikuwa katika kizimba kimoja chenye paa la gunia. Jike mmoja alikuwa amepoteza manyoya machache ya kisogo, wengine wazima. Dume huwika bado, alfajiri mara chache tu, na Kukhu amesema hiyo anaivumilia. Mayai kadha msichana ameyaweka chini ya kuku mdogo wa kienyeji anayeatamia, kwa kuwa kware hawa wa Kijapani aghalabu hawaatamii wenyewe, naye alikuwa akihesabu siku 17 au 18 kwa alama za mkaa ukutani. Tulimwonya ya kwamba wakianguliwa wamwondokee yule kuku upesi, wawekwe mahali pao penye joto.

Miguu ya kizimba ilikuwa imesimama ndani ya makopo manne ya mafuta machafu ya trekta. Hiyo ndiyo kinga ya siafu. Makopo yajazwe tena kila baada ya mvua kubwa, kwani maji huyafurisha na mafuta humwagika. Na majani yanayogusa kizimba yakatwe yote, kwa sababu siafu akikosa mguu hupanda kwa jani.